Funda la Kwanza la Mvinyo

Chikongola, Mtwara
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Nimesikia umerudi shambani wakati daktari alikukataza, wala sikushangaa, maana nakujua. Mimi na mkwe wako Nelio hatujambo, naye anakuamkia. Barua hii isome mwenyewe, taratibu, Esta wa dukani asikusomee. Ndiyo maana sikupiga simu: ukiongea kwa simu yake, Kitaya nzima inaongea nawe.

Msimu huu mikorosho imetoa mabibo kwa wingi. Wanawake wa vijijini wananiletea alfajiri, maana bibo likilala limeharibika. Nayakamua, juisi naituliza kwa wanga wa muhogo ili ukakasi ushuke, kisha inakaa kwenye mapipa mpaka iwe mvinyo mweupe. Mwekundu natengeneza kwa maua ya rozela. Wewe ulisema huo ni uraka uliovaa tai. Sema utakavyo mama, lakini uraka wako wa mabibo hayohayo kesho kutwa umechacha, wangu unangoja mwaka. Haya, tusigombane.

Kilichonisumbua mwanzoni ni chakula. Kwetu mtu hunywa kwanza, kula ni baadaye akikumbuka. Mgeni wa hotelini anataka aambiwe huu unaendana na nini na ule unaendana na nini. Basi mwanzoni mwa mwaka nilikaa na Beatrice, mpishi wa hoteli moja pale Shangani, mwanamke mkali lakini mkweli, tukaonja ule wa msimu uliopita. Mweupe ulipatana na chaza, kamba, na pweza wa nazi, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta ya nazi. Mwekundu tuliujaribu na pweza huyohuyo, wakagombana mdomoni kama wake wenza. Tukauhamishia kwenye mbuzi wa kuchoma, ukatulia. Nikamwambia kwetu kuna samaki nchanga, naye akauliza anavuliwa upande gani. Alipojua ni panya wa shamba wa kubanika alitoka nje, akarudi, akala, akasema huyu naye apewe mwekundu. Nilimpenda siku hiyo.

Sasa sikiliza. Mwenye hoteli ni mzee Valdemar, ambaye watu wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kama wetu. Yeye ndiye wa kuamua kama hoteli itachukua mvinyo wangu wa msimu mzima. Asipouchukua sina mnunuzi mwingine, mapipa nitayauza, na wanawake wale watarudi kuyaacha mabibo yaoze chini ya mikorosho. Hata hivyo nilimwambia Nelio kwamba kazi hii sifungi, liwalo na liwe.

Ijumaa mzee alikuja kuonja pamoja na rafiki zake. Beatrice alipanga sahani, mimi nikamimina. Wenzake walishika glasi, yeye hakushika. Alinitazama tu. Nikajua anachongoja. Mimi binti wa muuza uraka nitasahauje kwamba mwenye pombe hunywa wa kwanza, mbele ya watu, ndipo wageni waamini haina kitu kibaya? Sikusahau, mama. Nilikuwa naomba moyoni kwamba yeye ndiye asahau.

Na wale rafiki zake, watu wa kwetu, wakarudisha glasi mezani mmoja mmoja. Beatrice hakuelewa, akaninong'oneza ninywe hata tone. Nelio akajitolea kunywa kwa niaba yangu. Mzee akakataa kwa upole, akisema mume ni mgeni kama wao, na kwamba tangu azaliwe hajanywa pombe ambayo aliyeitengeneza ameiogopa. Nikainua glasi mpaka kidevuni. Harufu ilikuwa nzuri, harufu ya kwetu kabisa. Nikaishusha.

Nikasema, "Siwezi kunywa. Nina mimba."

Ndiyo, mama. Unazijua mbili zilizotoka, na unajua tulivyolia. Hii nilikuwa nimeapa sitaitaja kwa mtu, hata kwako, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Sasa nimewatangazia watu wa hoteli kabla ya mama yangu mzazi. Hilo limeniuma, na unisamehe. Naogopa pia, sitakuficha. Kliniki wanasema mtoto anakua vizuri, nami nashika maneno yao kwa mikono miwili. Lakini tone lile nisingelimeza, hata kama wangenunua mvinyo wote wa dunia.

Mzee Valdemar akasimama, akanipa kiti chake. Akasema, "Basi aje aliyekuzaa, anywe yeye." Akaagiza chupa zizibwe. Hakuna aliyeonja, chakula cha Beatrice kikaliwa kwa maji. Wamekubali kurudi Jumamosi ijayo, na wakaniambia waziwazi kwamba bila wewe hawanywi.

Kwa hiyo Nelio atakufuata Alhamisi na gari la kukodi, kwa ajili ya mguu wako. Usiseme una kazi. Usiseme mihogo. Huna haja ya kuusifu mvinyo wangu, na ukiwa mbaya uteme palepale mbele yao, nitajua nimeshindwa kwa haki na mwakani nitaanza upya. Ninachotaka ni uushike mkononi, unywe, kila mtu akiona kwamba aliyenizaa haogopi kilichotoka mikononi mwangu. Ukikataa Alhamisi, Ijumaa nitakuja mwenyewe na tumbo langu, na barabara ya huko unaijua ilivyo.

Wasalimie shangazi na majirani wa mtoni, waambie tu kwamba unakuja kunitembelea. Mungu akulinde njiani.

Uje na kanga zako kuukuu, zile zilizolainika. Safari hii tutazitumia.

Ni mimi mwanao,
Deolinda