Walimu Wananyamaza Nikiingia

Papa wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mahali ambapo hukuwahi kufika. Tangu muhula huu uanze, mimi ndiye mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa kambini. Ungekuwa hai, ungefurahi. Mimi naogopa.

Unakumbuka shule yako kule Kivu Kusini? Ulipokuwa ukipita uani, walimu wazima walificha vikombe vyao vya chai. Nilitembea nyuma yako nimebeba daftari la mahudhurio, nikiona fahari. "Wakikuogopa, watafundisha," uliniambia. Nikakuamini.

Mwezi uliopita tuliitwa mjini Mbarara, walimu na wakuu, kwa mafunzo ya uongozi. Walimu waliombwa waandike, bila majina, wanataka mkuu wa namna gani. Mwezeshaji akasoma karatasi mojamoja. Wengi walitaka mkuu anayejua kompyuta, anayepanga kazi pamoja nao, anayesikiliza kabla ya kukaripia. Kisha akasoma hii: "Wetu akiingia, tunanyamaza. Mwenzetu alifundisha na malaria mpaka akaanguka, maana aliogopa kuomba ruhusa."

Nikajua ni shule yetu. Claver, mwalimu wetu Mrundi wa hesabu, alikuwa ameanguka mbele ya ubao wiki ileile. Mimi niliambiwa ameteleza.

Niliporudi nilikwenda kwake. Aliponiona mlangoni, akajikokota kutoka kitandani ili asimame. "Kesho nitafika, Madamu. Nitafika." Alikuwa akitetemeka, na sikujua ni homa au ni mimi. Nilimsihi alale. Hakulala mpaka nilipoondoka.

Tangu siku hiyo, Papa, naisikia sauti yako kinywani mwangu. Naogopa kwamba uongozi niliojifunza kwako ndio unaowaumiza. Naogopa pia kwamba nikilegea, shule itanivunjikia mikononi.

Jumatatu niliwaita walimu, nikakaa nao kwenye benchi, nikauliza nibadilishe nini. Hakuna aliyenitazama. Nikangoja. Mwishowe Furaha, mwalimu wa darasa la pili, akasema kwa Kiswahili cha kwetu, macho yakiwa sakafuni:

"Madamu, siye tunakuogopaka mingi."

"Hata miye nawaogopaka," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Lakini Furaha aliinua macho.

Pumzika, Papa. Nakupenda, ila njia yako shuleni siifuati tena, na nyingine bado siijui.

Binti yako wa kwanza