Orange Usoni, Mukwe Mulangoni

Tantine Julienne,

Nakusalimia, na mbele ya yote naomba usicheke, ao cheka kidogo kisha unisaidie, sababu mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza na sasa sicheke tena. Mimi ni mama wa Katuba, karibu myaka makumi tano, niko na bwana mumoja, batoto batano na uso wa rangi mbili. Majina ya bantu nimebadilisha, isipokuwa ya bwana yangu Constantin, yeye hasomake gazeti.

Tangu mimba ya mutoto wangu wa mwisho niko na mabaka nyeusi kwenye mashavu na juu ya mulomo, docteur alisema ni mambo ya mimba, itaisha, mutoto sasa anasoma secondaire na mabaka bado iko pale, imezoea nyumba. Tena unajua muji wetu: mwanamuke akiwa na mabaka, bantu habaulize mimba, banasema huyu anajichubua na zile pommade za kuleta weupe, kumbe mimi sijapakaka hata moja, na kwenye chorale ya bamama ba kuimba kanisani njo mimi ninapigaka kelele kuliko bote juu ya bale banajibadilisha rangi, basi najifunikaka na fond de teint, ile krimu ya rangi ya ngozi, lakini juu ya mabaka inageuka majivu, kwenye photo za dot, ile siku ya mahari, ya binti yangu Gracia nilionekana kama muntu alianguka ndani ya jiko la mbabula.

Sasa ndoa ya kanisa inakaribia, njo Gracia akaniletea correcteur, kitube kidogo cha rangi ya orange. Akaniambia: "Maman, unaweka hii mbele, kisha fond de teint juu yake, mabaka itapotea. Lakini kidogo, Maman!" Mimi muntu wa kupika kwa sufuria kubwa, kidogo siijue. Nilipaka kama peinture ya ukuta, mashavu, kipaji, hata pua ambayo haikukosea muntu. Gracia alipoenda kutafuta sponji, nikasikia mulango ya parcelle inagongwa, nikafikiri ni muuzaji wa makala ya kupikia, nikafungua. Alikuwa Mama Ruben, mama ya muchumba wa Gracia, ametoka Kipushi bila kuambia muntu. Yeye ni mushemasi kwenye kanisa lao, muntu wa sala mingi na maneno kidogo.

Akaniangalia. "Mama Gracia, hii ya uso ni nini?"

Na mimi, Tantine, juu ya kuogopa aone mabaka na aseme ninajichubua, mulomo ukatoka mbio kuliko akili: "Hapana kitu, mukwe. Ni dawa. Ya kwetu Mitwaba."

"Ya kwenu," akasema.

"Ya bankambo, ya mababu," nikaongeza, sijui nani alinituma.

Hakukaa. Hata maji hakunywa. Alifikiri ni nkula, ile unga nyekundu ambayo bazee wa zamani balikuwa banajipaka bakiita roho za bankambo, na sasa ameenda kuambia pasteur kama mutoto wake hawezi kuoa kwenye nyumba yenye banaita mizimu, kwanza tuombewe delivrance, pepo zitoke, familia muzima, na Constantin anasema yeye hataombewa juu ya krimu. Ruben anapigia Gracia simu, mama yake hakubali maneno ya krimu, anasema "dawa" alisikia kwangu mwenyewe, banalia bote wawili, kisha Gracia anapita mbele yangu bila kusema kitu, na hiyo njo inaniua. Nikisema kweli, itabidi nimuonyeshe Mama Ruben mabaka, na ataniona muongo mwenye kujichubua. Nikinyamaza, niko mulozi, muchawi, na ndoa ya mutoto inakufa. Nichague gani?

Mama wa rangi mbili, Katuba

*

Mama wa rangi mbili,

Uliniomba nicheke kidogo. Nilicheka mingi, mpaka bantu ya bureau bakakuja kuangalia kama niko muzima. Kisha nikafika pale Gracia anapita bila kusema kitu, nikaacha.

Dada yangu, unachagua kati ya majina mawili, na hakuna hata moja ni yako. Hauko mulozi, na haujichubue. Uko mama mwenye mabaka ya mimba, na bamama benye mabaka ya mimba banajaa kanisa lako mpaka nje. Ile iliogopesha Mama Ruben haikutoka ndani ya tube, ilitoka kwenye mulomo wako. Muntu anaulizwa juu ya krimu ya maquillage, anajibu na historia ya Mitwaba!

Na ile chorale: unapigia ngozi za bengine kelele, sasa unaogopa bengine baangalie yako. Punguza sauti, utalala vizuri.

Mama Ruben naye, kama anasoma, nitamugusa kidogo: kukimbilia pasteur bila kunywa hata maji, ni haraka mingi. Lakini yeye alisikia neno kutoka kwa mwenye uso. Kwa hiyo wewe njo utaenda. Usitume Gracia, usitume message. Panda gari uende Kipushi muchana, jua likiwa wazi, uso umenawa, bila kitu juu yake. Sema: "Mukwe, nilikudanganya. Niliona haya juu ya mabaka yangu." Maneno hayo tu, na bankambo ubaache balale. Kisha omba kiti karibu na dirisha, ufungue sac yako, utoe tube, fond de teint na sponji.

Sasa sikiliza, sababu hata bila Mama Ruben ungeharibu photo. Orange inawekwa pale pa baka tu, pua yako iache na amani. Kwa shavu moja, kiasi cha punje ya muchele inatosha. Gonga-gonga na kidole cha pete, usisugue, ngozi ya pembeni usiiguse. Acha ishike kidogo. Kisha fond de teint ya rangi ya shingo yako, ile rangi ya weupe unatamani, uiache dukani, na uigandamize na sponji iliyolowa, sababu ukisugua, orange inapanda juu. Malizia na poudre, ile poda, kidogo. Jiangalie kwenye dirisha, taa ya ampoule ya chumba inadanganya kuliko wewe. Na kila siku jikinge na jua, kofia ao mwavuli na krimu ya kuzuia jua, maana jua njo inakomaza ile mabaka. Docteur wa ngozi akuangalie tena. Pommade za weupe, usianze leo.

Pale Kipushi, fanya shavu moja tu. La pili liache vile liko, Mama Ruben aangalie pande zote mbili mwenyewe. Akisogea karibu kuangalia, usimusaidie kuongea, wewe umeshaongea ya kutosha. Nimekaa na bamama mingi mbele ya kioo, nikianza na mimi mwenyewe na mifuko yangu chini ya macho, na sijaona hata mumoja asiye na kitu anafichaka. Akipeleka kidole polepole kwenye shingo ao karibu na sikio, akuonyeshe kile yeye anafichaka, usicheke, usiseme "ah, kumbe!" Simama, mupe kiti cha dirisha, na umuulize anataka uanze na upande gani.

Tantine Julienne