Zamu yangu ya kushukuru

Butembo, Jumatano

Bado hatuna habari za mwanangu Kambale tangu vita vifike Manguredjipa, alikokuwa.

Kwetu, kabla ya kula, kila mtu hutaja jambo moja la kumshukuru Mungu. Desturi hiyo niliianzisha mwenyewe, nikieleza kwamba shukrani hufundishwa kama hesabu. Leo zamu yangu ilifika nikakosa neno. Sikuwa na huzuni wala hasira. Sikuhisi chochote.

Mke wangu alichoka kungoja, akanisogezea mboga ya majani ya muhogo. "Muzee, bugali inapola. Shukuria hata sombe."

"Sombe haiko na chumvi."

"Donc ulimi yako ingali inatumika. Shukuria ile."

Mke wa Kambale akacheka, mara ya kwanza tangu simu ya mumewe inyamaze. Nikashukuru kwa kicheko hicho. Bado sikuhisi kitu, lakini nilimaliza sahani.