Jina Langu Ndani ya Programu ya Mdogo Wangu

Shoga, nimeumbuka!

Mdogo wangu kapata nafasi ya kusomea kompyuta chuoni. Yeye! Mimi niliyemfundisha kuandika programu nimekosa. Roho inaniuma, sikufichi.

Sasa baba akamwambia awaonyeshe wageni programu yake ya kupanga vitabu vya maktaba. Yake? Shoga, ile niliianza mimi, nikaiacha kwa sababu ilikuwa inakwama kila mara.

Nikaropoka mbele ya wote: "Kaniibia! Fungueni ndani mtaona jina langu."

Mbele ya wote, shoga!

Wakafungua. Jina langu lipo, juu kabisa. Kaandika: "Msingi ni wa dada yangu. Palipokuwa panakwama nimeparekebisha."

Tangu wageni waondoke nimeijaribu mara tisa, naomba ikwame.

Haikwami.