Mwisho Aliobadilisha Dada

Shoga, bado niko hapa ukumbini.

Si unajua shemeji hutunga kwa mdomo tu, dada ndiye anayechapa? Na shemeji akishamaliza kutunga hasomi tena. Basi kumbe kwenye hii riwaya yake ya mapenzi na uhuru, dada kabadilisha mwisho. Shemeji alimrudisha yule mke wa kwenye hadithi kwa mumewe. Dada kamwacha aende zake.

Shemeji kaja kugundua leo, kwenye uzinduzi, anawasomea watu ukurasa wa mwisho. "Akafunga mlango, wala hakugeuka." Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi, wengine wanafuta machozi.

Shemeji akacheka. Akamwita dada aliyekuwa anakusanya vikombe, akamsogezea maikrofoni. "Mama watoto, hebu waambie wasomaji wangu. Huyu mwanamke anarudi au harudi?"

Kwa upole, shoga. Upole ule ule wa nyumbani unaoujua.

Dada kashikilia trei yake. Akasema, "Anarudi."

Wakapiga makofi tena. Wale wale waliokuwa wanalia.

Nimemnong'oneza twende zetu kwangu, sasa hivi. Kanijibu vikombe bado havijaisha.