Ramani ya Kwanza ya La Porfiada

Jumatatu, 1 Agosti 2022

Nimeficha ramani. Imo ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda hiki ninacholalia, tangu Juni 1967. Hajaiona mtu – si marehemu mke wangu, wala padri.

Haya. Nimeiandika sentensi niliyoiogopa miaka hamsini na mitano, na paa halijaniangukia.

Daktari wa mjini Copiapó alisema mapafu yangu yamekuwa mawe, na akahesabu kwa wiki, si kwa miezi. Zinanitosha siku tisa. Tarehe kumi ni sikukuu ya San Lorenzo, msimamizi wa wachimbaji, na hapa kijijini Tres Chañares mimi ndiye ninayeandika orodha ya wafu wa mgodini, iimbwe mbele ya mtakatifu. Nina mwandiko mzuri, wanasema. Kila mwaka naandika majina thelathini na moja. Kila mwaka naruka moja.

Eleodoro Tabilo. Mwaka huu nitaliandika, hata kama mkono utagoma!

Jumanne, 2 Agosti

Nolfa alikuja na mkate uliookwa majivuni, bado wa moto, na jibini ya mbuzi. Huja mara tatu kwa wiki. Ni binti yake Eleodoro. Alikuwa na miaka sita baba yake alipokufa. Sasa ana sitini na mmoja, na magoti yanamsumbua kuliko yangu.

Akautazama mtungi wangu wa oksijeni. Eti, "Don Abundio, huyu mchumba wako mpya mbona anapiga miluzi usiku na mchana? Mwambie apunguze wivu."

Nikamwambia angalau huyu hachomi mkate. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

Akakata jibini kwa kile kisu. Cha mpini wa pembe, makali yameliwa hadi yamebaki membamba kama jani. Kilikuwa cha baba yake. Mimi ndiye niliyempelekea mama yake kisu hicho, siku ya mazishi. Nolfa hukata, mimi hutazama dirishani. Imekuwa hivyo miaka yote.

Leo aliniuliza kama orodha iko tayari. Hakuuliza zaidi. Hajawahi kuuliza zaidi. Siku ya sikukuu husimama nyuma kabisa, mlangoni, majina yakiimbwa. Mama yake alisimama hapo hapo mpaka alipokufa.

Nimeandika majina matano. Herufi zinatetemeka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Kesho tena.

Alhamisi, 4 Agosti

Niiandike sasa, nikiwa na pumzi.

Nilikuwa mpimaji wa mgodi wa La Porfiada. Ni kweli mlima ule ni mbishi kama jina lake – mshipa wa shaba unaonekana, unapotea, unachomoza pengine. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimetoka shule ya migodi, nina dira ya kuning'iniza kwenye kamba na kalamu tatu za wino. Ndani ya mlima kulikuwa na shimo la zamani, la wachimbaji wa karne ya kumi na tisa. Walikuwa wamekula mwamba wote bila kuacha hata nguzo moja, shimo likajaa kifusi. Kazi yangu ilikuwa kuchora liko wapi, watu wasilifikie.

Nikachora. Mita arobaini kaskazini ya njia ya wachimbaji wetu, nikaandika. Pitieni tu, hamna shida.

Lakini mwamba wa La Porfiada una jiwe jeusi la chuma ndani yake, na jiwe lile huvuta sindano ya dira. Wachimbaji wa huku wote wanajua. Babu asiyejua kusoma hubandika kisu ukutani. Kikinata, anajua hapo dira ni takataka. Mimi sikubandika kisu. Nilikuwa na cheti.

Sindano ilivutwa, ramani ikapinda. Shimo halikuwa mita arobaini kaskazini. Lilikuwa mbele yao, nyuma ya mwamba mwembamba kuliko urefu wa kitanda hiki. Ijumaa ya tarehe 9 Juni, Eleodoro alilipua baruti, ukuta ukapasuka, na kifusi cha miaka mia kikawamwagikia. Watatu. Eleodoro, Lindor Campillay, Rosendo Alcota.

Kabla wakaguzi hawajafika kutoka mjini, nilichora ramani nyingine. Shimo nikaliweka mahali pake. Nikawaambia kwamba Eleodoro aliijua ramani hii, ila alikuwa na tamaa ya mshipa. Waliniamini. Kwa nini wasiniamini? Kijiji kizima kikasema Tabilo aliwaua wenzake.

Kosa la dira nililijua baada ya ajali. La ramani ya pili sina la kujitetea.

Majina kumi na manne sasa.

Ijumaa, 5 Agosti

Siku mbaya. Pumzi hakuna. Jina moja tu nimeandika. Lakini nimeandika!

Jumamosi, 6 Agosti

Ciro Campillay alikuja kuichukua orodha. Ndiye kiongozi wa ngoma ya filimbi, ndiye anayewaimba wafu. Ana miaka sabini na saba, na bado anapuliza filimbi akiruka kama mbuzi. Lindor alikuwa kaka yake.

Mlangoni tu: "Mpimaji! Kumbe unapumua? Mwenzio nimeshatunga beti tatu za mazishi yako, unanipotezea kazi."

Nikamwambia azihifadhi, hazitaoza. Nikamwambia orodha haijaisha.

"Majina yale yale ya kila mwaka, unayapika au unayaandika?"

Nikasema mwaka huu ni thelathini na mawili. Akafikiri kuna mtu amekufa asipate habari. Nilipomtajia, alivaa kofia yake pale pale. Alisema kwa sauti ya chini – na Ciro hana sauti ya chini – kwamba siku atakapoliimba jina lile, filimbi na imkwame kooni. Akaondoka. Chai yake ilibaki kikombeni.

Sikumwonyesha ramani. Wa kwanza kuiona si yeye.

Jumapili, 7 Agosti

Nimempa Nolfa kopo.

Nilimwomba aketi. Akasema nikitaka kumchumbia nimechelewa, magoti hayapigiki tena. Nikamwambia afungue. Akazitandaza ramani zote mbili mezani, ile ya kwanza na nakala ya ile ya uongo, moja kando ya nyingine. Hakusomea mambo ya migodi, lakini amezaliwa huku. Alifuata njia kwa kidole, akalifikia shimo. Kidole kikahamia ramani ya pili. Kikarudi. Kikasimama.

Nilimwambia yote niliyoyaandika Alhamisi. Sikulia. Nilijiapiza nisilie, ili asilazimike kunihurumia.

Mtungi tu unapiga miluzi. Kisha akasema wanawake wa kisimani walikuwa wakimpisha mama yake kama mwenye ukoma, achote wa mwisho, maji yakiwa tope. Hakuna zaidi. Akakunja ramani vizuri, kwa mikunjo ile ile ya zamani, akazitia kwenye aproni. Akachukua na kisu.

Mkate aliuacha. Sijaula.

Jumatatu, 8 Agosti

Hajaja. Haikuwa zamu yake kuja, najua. Hata hivyo nimetazama barabara siku nzima. Mvua ya mwezi uliopita imeotesha maua ya zambarau mpaka kwenye chungu za mawe ya mgodi. Miaka mitano sijaona maua hapo.

Majina thelathini na moja. La mwisho nitaliandika kesho asubuhi, mkono ukiwa na nguvu.

Jumanne, 9 Agosti

Nimeliandika. ELEODORO TABILO, kwa herufi kubwa, kati ya Lindor na Rosendo. Nilipumzika mara nne.

Mchana Ciro akaingia bila kubisha, ramani mkononi. Nolfa alimpelekea mwenyewe! Amekwenda kwenye mlango ambao mama yake hakuthubutu kuukaribia. Nilidhani Ciro atanipiga, na kwa kweli nilikuwa tayari.

Hakunipiga. Aliketi kwenye kiti cha Nolfa, akavua kofia. Akasema miaka hamsini na mitano amekuwa akivuka barabara asikutane na mjane wa Tabilo, na baadaye na binti yake. Juani, na mzigo mgongoni, anavuka. "Unajua nimetembea hatua ngapi za bure kwa ajili yako, Mpimaji?"

Nikamsogezea orodha.

Akasoma orodha, midomo ikicheza. Akafika katikati. Akasema ataliimba. Lakini kwanza, kesho, mbele ya San Lorenzo na watu wote, nitasema kwa mdomo wangu. "Si kwa maandishi. Maandishi yako tunayajua."

Nikasema nitasema. Akasema pumzi huna. Nikamwambia ninayo ya hilo.

Jumatano, 10 Agosti

Nimesema.

Nolfa alikuja saa tatu asubuhi kama vile hakuna kitu. Akanivalisha koti jeusi, akasema nimekonda mpaka koti linamtafuta mwenyewe. Akanisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka uwanja wa kanisa, mtungi mapajani mwangu kama mtoto. Kokoto zilinitikisa meno.

San Lorenzo alitoka, kofia ya mchimbaji kichwani, watu sita wakimbeba. Filimbi, ngoma. Ciro akainua bendera ya kuongozea ngoma, vyote vikanyamaza. Akanitazama.

Nikasema maneno machache, kwa vipande, nikivuta hewa katikati. Kwamba ramani ilikuwa mbovu na ni yangu. Kwamba niliibadilisha. Kwamba Tabilo hakuwa na kosa. Mama mmoja alisema "Mshenzi!" kwa sauti, na alisema kweli. Kuna waliotema mate. Kuna waliomgeukia Nolfa.

Ciro akaimba. Nimesikia majina yale maisha yangu yote. Leo alipofika kwa Lindor, sauti ikayumba, nikafikiri anaacha. Akavuta pumzi akamwimba Eleodoro Tabilo. Mara mbili! Kila jina huimbwa mara moja. Hilo aliliimba mara mbili.

Familia ya kila marehemu huweka jiwe la mgodini miguuni pa mtakatifu. Nolfa alitoka nyuma, kule mlangoni, akapita katikati ya watu, na wakampisha – safari hii kwa namna nyingine. Akaweka jiwe jeusi la La Porfiada. Akatoa kile kisu mfukoni, akakisogeza, kikanata kwenye jiwe. Akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Nilidhani nimemaliza. Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi.

Tumerudi. Amenilaza, amefunika miguu yangu. Akakiweka kisu juu ya blanketi langu. Akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza kama nataka supu:

"Don Abundio, baba alikuwa akigonga mwamba na kuusikiliza. Hata ukuta wa jikoni kwetu aliugonga. Ule wa mgodini hakuusikia?"

Nikasema huenda.

"Na hiki. Mchimbaji haingii bila kisu, atakatia nini utambi wa baruti? Mama alisema kilikutwa ofisini, mezani kwako. Kilifikaje mezani kwako?"

Nikasema sijui. Jua limejaa chumba kizima, kijiji kizima kimenisikia leo, nami nikasema sijui!

Hakubisha. Ameenda jikoni kuchemsha maji ya chai. Namsikia akipanga vikombe. Atarudi na atauliza tena, na safari hii sitampa jibu lile. Naandika kwanza, ili mkono uufundishe mdomo.

Nimeandika hapo juu, Alhamisi, kwamba kosa la dira nililijua baada ya ajali. Uongo. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma ila mimi, nimedanganya.

Eleodoro alikuja ofisini Alhamisi ya tarehe 8 Juni, kazi ilipoisha, Lindor na Rosendo nyuma yake. Aliweka jiwe jeusi juu ya ramani yangu. Akatoa kisu, akakishika karibu, na kisu kikalirukia jiwe. Mlio mdogo, tak. Akasema, "Mlima unavuta, Mpimaji. Na ukuta unaitika kama ngoma, mbele ni uwazi. Kesho hatuingii mpaka upime upya."

Nilijua. Kabla hajamaliza kusema nilijua ramani ni mbovu.

Maji yamechemka. Anakuja.

Nikamwambia Eleodoro, mbele ya wenzake, katika mgodi ambao mwanamke haruhusiwi hata kusimama mlangoni: "Kama unaogopa, Tabilo, kavae sketi ya mkeo, ukae nyumbani uoke mkate."

Wakacheka. Akakiacha kisu pale mezani, kikiwa kimenata, akatoka. Ijumaa alikuwa wa kwanza kuingia.