Noti Yenye Uzi Mwekundu

Ujiji, Alhamisi. Mvua asubuhi, kisha jua la kuunguza.

Leo nimeiona noti yangu. Ya shilingi ishirini, ilichanika katikati nikaishona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nilimpa mume wangu, Hamisi, siku aliyopanda mtumbwi kwenda Kagunga kununua maharage. Wiki tatu sasa, hajarudi yeye wala wenzake wawili.

Mama mkwe anataka nikae eda. Balozi wa nyumba kumi naye alishakuja kunipa pole, nikamfukuza kama kuku. Nimeendelea kwenda sokoni na mawese yangu. Watu wananisema. Wacha waniseme, ndani hakukaliki.

Basi leo Mama Tatu, muuza dagaa, kanunua mawese kwangu na kunipa noti hiyo.

Yu hai, nikasema. Maiti hatumii hela.

Mama Tatu alisema kaipata kwa mzee wa duka la ushirika la Kagunga, aliyekuja kuchukua chumvi, na sasa yuko ufukweni anasubiri boti. Nikamwachia madebe yangu nikakimbia. Njia nzima nilimtukana Hamisi kimoyomoyo. Niliapa nikisikia kajificha kwa mwanamke, nitamfuata nimrudishe kwa kumburuta. Nakiri, nilikuwa na raha ya ajabu kumtukana.

Nilimwamkia mzee, nikamwonyesha noti. Akavua kofia. Alisema aliipata kwa wavuvi. Ziwa lilitupa maiti ya mgeni kambini kwao, hakuna aliyemjua, wakamkuta na hela mfukoni. Shehe akawaambia sanda ya mtu hutoka kwanza katika mali yake mwenyewe. Wakaja dukani kununua bafta, na kwa bahati ilikuwapo, maana nguo siku hizi ni ya kutafuta kwa tochi.

"Noti ilikuwa bado mbichi, mwanangu," akasema. "Niliianika juani."

Boti ikaita abiria, akapanda. Mimi nikabaki nimesimama na noti mkononi, watu wakinipita na mizigo yao.

Nimerudi nikamweleza mama mkwe yote. Hakulia. Akaniuliza neno moja tu.

"Walimwosha?"

Nikamjibu ndiyo, mama, walimwosha vizuri.

Sikuuliza. Ee Mungu wangu, kwa nini sikuuliza?